Kapitesheni ikichelewa, mtoto anaweza kufukuzwa shuleni?

SWALI: Wakili, mwanangu yuko Gredi ya 7 katika shule ya umma ya kutwa huku Kilifi. Amerudishwa nyumbani kwa kuwa sijalipa shilingi 1,500 za mitihani na mlinzi. Mwalimu mkuu anasema kapitesheni, yaani pesa ambazo serikali huitumia shule kwa kila mwanafunzi, haijafika. Je, serikali inaweza kujitetea kwamba haina pesa?

JIBU: Mama, mrudishe mtoto darasani kesho. Deni hilo si lake.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki za kifungu cha 43, mathalani afya na makao, serikali inaruhusiwa kuzitimiza hatua kwa hatua, na ikidai haina rasilimali, kifungu cha 20(5) kinaitaka ithibitishe. Elimu imetajwa huko pia, lakini elimu ya msingi ya mtoto imewekwa peke yake katika kifungu cha 53, bila sharti hilo. Ndiyo maana nashikilia kwamba hazina kuwa tupu si utetezi hapa.

Mwalimu mkuu simlaumu sana. Serikali imeweka shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9): asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Zisipofika, chaki zinakopwa dukani na mlinzi anadai mshahara. Hata hivyo, kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza karo katika shule za umma. Mchango mwingine wowote uidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na mzazi apewe risiti. Hata ukiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kutolipiwa.

Mwandikie mwalimu mkuu umwombe nakala ya idhini hiyo. Nakala ya barua yako ipeleke kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na yako igongwe muhuri wenye tarehe. Usitumie nauli kumwendea gavana. Kaunti inasimamia chekechea, si shule ya mwanao. Wakinyamaza, nendeni Mahakama Kuu wazazi kadhaa pamoja. Chini ya kifungu cha 22, kesi ya haki za kimsingi haitozwi ada ya kuifungua. Ombeni mahakama iamuru pia kapitesheni itumwe, la sivyo muhula ujao mtafukuziwa watoto tena.