Usikubali kukatwa pointi 8 kwa hasira

Kaka, umeuliza kama uwatoe wachezaji watatu kwa mpigo kwenye timu yako ya Fantasy Premier League (mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi chako cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanavyocheza), na una badiliko moja tu la bure. Mimi nisingethubutu. Wawili wa ziada ni pointi 8 zinakatwa, kwa hiyo hao wapya wataanza kwa kulipa deni. Niliwahi kumuuza mtu kwa hasira Jumatatu, wikiendi iliyofuata akatupia mawili. Niliumia!

Mtoe huyo majeruhi tu. Wale wawili walioboronga, tazama ratiba yao ya mechi nne zijazo badala ya pointi za juzi.

Kinachonitisha kwenye kikosi chako ni yule winga wa "huenda akacheza". Asipogusa uwanja kabisa, mtu wa benchi anaingia mwenyewe. Lakini kocha akimwingiza dakika ya 88, unapata pointi 1, na beki wako mwenye pointi 6 baada ya kucheza mechi nzima bila timu yake kuruhusu bao anabaki benchi anakuangalia. Mweke nje mwenyewe. Unahodha ndiyo usimpe kabisa.

Halafu, usipange timu mapema halafu ukalala. Makocha huongea na waandishi siku moja au mbili kabla ya mechi, subiri uwasikie. Ila dirisha la kubadilisha timu linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza: ikiwa ni ile ya Jumamosi saa nane na nusu mchana kwa saa zetu, saa saba umeshachelewa.