Maswali ya kurisiti

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, barua zenu zote huwa na neno moja: kurisiti, yaani kurudia mtihani. Nimechagua chache.

Shikamoo Mwalimu. Nina Divisheni III ya pointi 14, HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili): D, D na S. Baba anataka nirisiti.

Marahaba. Mwambie baba pointi ziko za aina mbili. Nalisema hili kila mwaka mpaka koo limekauka. Kwenye divisheni A ni 1, kwa hiyo chache ndizo nzuri. Kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu, na huko nyingi ndizo nzuri. Digrii inaanzia prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya 4.0 katika masomo yanayotakiwa na kozi. D zako mbili ni 4. Kozi zinazogombaniwa utazisikia tu, lakini mlango unao. Omba vyuo kwanza, ukikosa awamu zote za udahili tutaongea. Siku hizi watoto wanarudishwa tuisheni ili divisheni iwapendeze majirani.

Nirisiti au nisirisiti?

Kombi, yaani masomo yako matatu, hujaandika, alama hujaandika, kozi hujaandika. Mimi si mganga wa ramli.

Mwalimu, PCB nina Fizikia E, Kemia D, Baiolojia C. Ni Divisheni II na ndoto yangu ni udaktari.

Hapa majirani wanakupongeza, na wewe ndiye hasa wa kurisiti. Udaktari wa binadamu unadai masomo yote matatu, jumla ya pointi 6, na kila somo lisishuke chini ya D. Jumla unayo, E ya Fizikia ndiyo inayokukwamisha. Tena hicho ni kiwango cha chini, wanaochaguliwa huwa na alama za juu kuliko hizo, kwa hiyo ukirudi kutafuta D tu umetupa mwaka. Beba na Kemia.

PC, mtahiniwa wa kujitegemea, anaweza kusajili masomo anayoyataka, ila kabla hujalipa kiulize chuo kama kinapokea vyeti viwili vya miaka tofauti. Kituo kiwe na maabara inayotumika. Bango lenye picha ya darubini halifundishi praktiko, na noti za WhatsApp ndiyo kabisa. Usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei, kwa hiyo usisubiri Januari kama wenzako wa mwaka jana. Ukiona huwezi, Diploma ya Utabibu ni miaka 3, na ukitoka na GPA nzuri njia ya digrii bado iko wazi.

Nikirisiti, matokeo ya zamani yanafutwa?

Hayafutwi.

Kuna kaka ana mtu wake Baraza la Mitihani, anapandisha alama kwa laki tano.

Tapeli. Na ukishaliwa hutakuwa na pa kushtaki, maana utaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Nimerisiti mara mbili. Nina E moja na S moja. Nijaribu ya tatu?

Hapana, mwanangu. E na S ni pointi 1.5, na hizo zinakuingiza kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Ukimaliza na GPA 3.0, na C katika masomo matatu ya fani yako, unaomba digrii kama wengine. Halafu hesabu miaka: Bodi ya Mikopo imekuwa ikitaka uwe umehitimu ndani ya miaka 5. Wewe umeshakula miwili ukisubiri Mei.