Taifodi mara tatu kwa mwaka mmoja na sasa "dawa zimegoma": jibu la mtu wa maabara

Dada wa Busia ameuliza jambo ambalo naulizwa karibu kila wiki, kwa hiyo naomba nimjibu kwa urefu. Kwa ambao hamkusoma swali lake: mdogo wake ni dereva wa bodaboda, mwaka huu ameambiwa ana taifodi mara tatu, kila mara kliniki imemchoma sefitriaksoni, antibayotiki ya sindano, siku tano, na sasa homa imerudi na musawo (mganga wa kliniki) amemwambia dawa zimegoma. Anauliza kama dawa zinazoingia Uganda ni feki. Wengi wamemjibu kwamba ndiyo, ni feki. Wengine wamesema kosa ni letu, hatumalizi dozi.

Mimi nafanya kazi maabara, upande wa bakteria, katika hospitali moja ya rufaa huku mashariki. Naotesha damu, mkojo, usaha na maji ya uti wa mgongo, yaani nakuza bakteria waliomo ili waonekane, kisha namwambia daktari mdudu ni yupi na dawa gani bado inamuua. Dawa feki zipo, na wanaoacha dozi njiani wapo. Lakini kinachotuumiza zaidi ni kwamba tunatibu watu bila kujua tunatibu nini.

Dada, mdogo wako alipimwaje hiyo taifodi? Karibu nina hakika ni kwa Widal. Wanachukua damu kidogo, wanaichanganya na kimiminika cha rangi juu ya kioo, wanatikisa, na ikifanya chembechembe anaandikiwa namba kama 1:80 au 1:160 na kuambiwa ana taifodi. Kipimo hicho kina jina la daktari Mfaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukikutana na bakteria wa taifodi au jamaa zake, na kingamwili hizo hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya mtu kupona. Malaria nayo inaweza kukifanya kisome chanya. Sasa fikiria nchi kama yetu, ambako watu wengi wameshakutana na wadudu wa jamii hiyo kwenye maji na chakula. Ukipima abiria wote kwenye teksi moja ya kwenda Kampala, kuna watakaotoka na "taifodi" wakiwa wazima kabisa.

Ndiyo maana kliniki nyingi zinaandika "malaria na taifodi" kwa pamoja, mgonjwa anapewa dawa za malaria na sindano, homa inashuka, na anaondoka akiamini sindano ndiyo iliyomponya. Miezi mitatu baadaye anapata homa nyingine, Widal bado inasoma chanya, anachomwa tena. Mtu wa namna hiyo anaweza kumaliza mwaka mzima akitibiwa ugonjwa ambao hakuwahi kuwa nao.

Sisemi taifodi haipo. Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia mwaka 2008 ilikuja na ukali wa kutisha, watu wengi wakatoboka utumbo na kupasuliwa, na bakteria wengi waliooteshwa wakati ule walikuwa sugu kwa ampisilini, kloramfenikoli na septrini, dawa ambazo wazee wetu walipona nazo. Kampala mwaka 2015 ililipuka tena kwa sababu ya maji machafu na juisi zilizokuwa zikiuzwa katikati ya mji. Mlipuko huo wa Kampala una funzo lake: walioshukiwa walizidi watu 10,000, lakini waliothibitishwa kwa kuotesha walikuwa makumi tu. Sababu moja ni kwamba walioteshewa damu walikuwa wachache. Hao wengine wote hatutajua kamwe walikuwa na nini.

Sasa hoja ya dawa feki. Nieleze tunavyopima usugu, kwa sababu jibu liko humo. Bakteria waliotoka kwa mgonjwa tunawapaka sahani nzima ya agari, chakula chao kilichoganda kama jeli, kisha juu yake tunapanga vikaratasi vya duara vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja kikiwa na kiasi maalumu cha dawa moja. Sahani inaingia kwenye inkubeta, kabati la joto, nyuzi 35, hadi kesho yake. Asubuhi bakteria wamefunika sahani yote kwa utando wa rangi ya maziwa. Dawa inayofanya kazi inakuwa imeacha duara safi kuizunguka, na duara hilo tunalipima kwa rula, milimita kwa milimita. Dawa iliyogoma utaiona mara moja: utando umekuja mpaka umegusa ukingo wa kikaratasi, bila hata nafasi ya kupitisha uzi.

Vikaratasi hivyo havinunuliwi duka la dawa la mtaani. Kila kopo jipya tunalijaribu kwanza kwa bakteria wa kiwango, ambao tunajua duara lao linapaswa kuwa na ukubwa gani. Kwa hiyo ninapoona E. coli, bakteria wa utumbo, wa mgonjwa wamekaa ubavuni mwa sefitriaksoni kana kwamba haipo, hakuna dawa feki ya kulaumu pale. Dawa ni nzima. Mdudu ndiye aliyebadilika: ana kimeng'enya kinachoivunja dawa kabla haijamfikia. Na sahani za aina hiyo siku hizi ni nyingi kuliko ninavyoweza kuzoea.

Sefitriaksoni tumeipenda, na sababu inaeleweka: inachomwa mara moja kwa siku, bei imeshuka, inatibu mambo mengi. Mnaona wenyewe mjini, mtu anaendesha boda na kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia sindano, imebandikwa plasta mgongoni mwa mkono, akitoka kazini jioni anapitia kliniki kuchomwa. Lakini sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka mwilini kupitia nyongo na kuingia utumbo, na utumboni wanaishi mabilioni ya bakteria wasio na hatia. Wale dhaifu wanakufa. Wachache wenye kimeng'enya wanabaki, wanazaana, na kibaya zaidi wanawagawia wengine vinasaba vya usugu, hata wa aina tofauti, E. coli akampa Klebsiella, bakteria mwingine wa utumbo. Mgonjwa hahisi chochote. Miezi inapita, anapata ugonjwa wa mkojo au anapasuliwa, na wadudu wanaoingia ni walewale aliowalea bila kujua.

Kuna mama mmoja alifanyiwa upasuaji wa kujifungua, kidonda kikafumuka, usaha ukaletwa kwangu. Alikuwa ameshachomwa sefitriaksoni na metronidazoli siku nyingi. Ilikuwa Klebsiella, na kwenye sahani ile duara zilikuwa mbili tu, ya amikasini na ya meropenemu. Amikasini ilihitaji uangalizi wa figo ambazo tayari zilikuwa zimechoka, na meropenemu haikuwapo stoo. Familia ikachanga, ikanunua mjini chupa moja moja. Alipona. Lakini mume wake alikuja maabara kuniuliza swali ambalo sijalisahau: kama mlikuwa na uwezo wa kujua tangu mwanzo, mbona hamkupima tangu mwanzo? Alikuwa na haki kabisa ya kuuliza.

Nimjibu hapa kwa kirefu zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile. Kuotesha ni kazi ngumu nchini kwetu. Agari nzuri ya damu inahitaji damu ya kondoo, maana ya binadamu haifai, kwa hiyo maabara inabidi iwe na kondoo wake au mtu wa kuaminika wa kuileta. Umeme ukikatika usiku na jenereta isiwashwe, inkubeta inapoa na kazi ya jana inaharibika. Vikaratasi vinataka friji. Vikiisha, unaweza kukaa wiki nyingi unaotesha mdudu, unamtambua, halafu huna cha kumpimia. Majibu yenyewe huchukua siku mbili au tatu, na daktari mwenye wodi iliyojaa hawezi kukaa bila kutibu. Hilo namwelewa. Nisichokielewa ni sampuli kuchukuliwa siku ya sita, baada ya dawa tatu kushindwa, wakati damu ingechukuliwa kabla ya sindano ya kwanza na matibabu yakaendelea huku tunasubiri.

Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na usugu huu mwaka 2018, na hospitali kadhaa za rufaa zilipata vifaa na mafunzo kwa msaada wa Fleming Fund ya Uingereza. Mwaka 2025 Uingereza ikatangaza kuufunga mfuko huo. Mashine zimebaki, lakini mashine haziji na vikaratasi vya mwaka ujao. Naandika hili kwa uchungu. Dunia ilihesabu watu milioni 1.27 waliouawa moja kwa moja na bakteria sugu mwaka 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko maeneo yote. Kwenye bajeti ya afya, maabara ya bakteria haipaswi kusubiri fadhili za mtu.

Kuhusu hoja kwamba "Waganda hatumalizi dozi", naomba tuwe na huruma kidogo. Ada za matibabu zilifutwa katika vituo vya serikali mwaka 2001, lakini dawa huja kwa mzunguko wa kila miezi miwili, na mara nyingi zinaisha kabla ya gari jingine. Mgonjwa anaandikiwa dawa kwenye daftari lake, anaambiwa akanunue. Anafika dukani na shilingi elfu mbili, anauziwa amoksisilini za elfu mbili. Kisheria duka dogo la dawa kwa kawaida haliruhusiwi kuuza antibayotiki, na famasia inapaswa kudai karatasi ya daktari, lakini kijijini duka hilo ndilo pekee lililo wazi saa mbili usiku mtoto akiungua homa. Ukimwambia mama huyo "maliza dozi" humsaidii. Angesaidiwa na kipimo cha malaria na mtu wa kumwambia kwa uhakika kwamba mafua ya mtoto hayahitaji antibayotiki hata moja.

Kuna mmoja ameuliza kuhusu kisonono. Ndugu, siprofloksasini, antibayotiki ya vidonge, imekwisha nguvu kwa kisonono Uganda, na miongozo ya matibabu ilishaiacha. Madereva wa malori wanaopita mpaka wa Malaba bado wanainunua kimyakimya, dalili zinapungua, ugonjwa unabaki na unasafiri nao. Nenda kituo cha afya, utibiwe wewe na mwenzako.

Na wale wanaosema tuhamie kwenye malaria kwa sababu angalau dawa yake haijagoma: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwakuta Gulu, kaskazini mwa Uganda, wagonjwa ambao vimelea vyao vinachelewa kufa kwa atesunati, dawa ya malaria. Dawa mseto bado zinatibu. Lakini njia ya kuelekea usugu ni ileile.

Turudi kwa mdogo wako, dada. Asichomwe sindano nyingine kwa kutegemea Widal. Mpeleke hospitali yenye maabara ya kuotesha, na abebe daftari lake lenye majina ya dawa zote na tarehe alizochomwa. Kama kliniki haikuandika, rudi ukawaombe waandike, ni haki yake. Akifika aseme wazi lini alipata sindano ya mwisho, kwa sababu dawa iliyobaki mwilini inaweza kuwaficha wadudu tusiwaone. Apimwe malaria kwa hadubini. Damu yake ioteshwe kabla ya antibayotiki mpya, na kama wana uwezo waijaze chupa mbili kutoka mikono miwili tofauti. Hata hivyo ajue kwamba kuotesha kunaweza kumkosa mdudu wa taifodi aliyepo kweli, kwa hiyo jibu hasi lisomwe na daktari pamoja na dalili zake.

Homa inayorudi rudi ina sababu nyingine ambazo kliniki nyingi hazizigusi. Apimwe VVU. Kama anakohoa au amekonda, apimwe kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert. Kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa, ataje hilo, kwa sababu bruselosisi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, hufanana sana na kile tunachokiita taifodi, na sefitriaksoni ya siku tano haiiponyi. Inataka dawa nyingine kwa wiki kadhaa.

Na kama bado ana kanula mkononi, itolewe leo. Kanula iliyokaa siku nyingi ni mlango wa bakteria kuingia moja kwa moja kwenye damu, na homa yenyewe inaweza kuwa inatoka hapo. Angalia kama mkono umevimba au una mstari mwekundu. Lakini tumbo likianza kumuuma sana ghafla na kuwa gumu, msisubiri kipimo chochote wala foleni ya asubuhi: ni hospitali yenye daktari wa upasuaji, usiku huohuo.