Maswali ya Wasomaji: Deraya Bora, Namba Ndogo

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezoea michezo ya kuigiza wahusika iliyotoka miaka ya karibuni, na hivi majuzi nimeanza kucheza Baldur's Gate, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1998. Mpiganaji wangu alivaa deraya ya minyororo yenye daraja la 5 la kinga. Nilipompatia nyingine ya aina hiyohiyo iliyoandikwa +1, daraja likashuka hadi 4. Nikaona nimeokota kitu kibovu, nikakiuza. Je, inakuwaje kujumlisha moja kukapunguza? Na hii THAC0 inayoandikwa pembeni ni kitu gani?

JIBU: Ndugu msomaji, pole, umeuza deraya iliyo bora kuliko hiyo uliyobaki nayo. Mchezo huo unafuata kanuni za toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, lililotoka mwaka 1989, na katika kanuni hizo asiye na deraya yoyote ana daraja la 10, huku namba ikishuka kadiri kinga inavyoimarika, hata ikapita sifuri na kuingia kwenye hasi. Ile +1 inakwambia kwamba deraya ni bora kwa ngazi moja, na ngazi bora zipo chini.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba namba hizo hazikuanza kama za kukokotolewa. Mchezo wa kwanza kabisa wa Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974, ulitumia jedwali: mchezaji alitafuta daraja la deraya ya adui, akatafuta kiwango cha uzoefu cha mpiganaji wake, na pale viwili hivyo vilipokutana akakuta alama anayopaswa kuifikia kwa dadu yenye pande 20. Daraja la 2 lilikuwa jina tu la mstari mmoja wa jedwali, kama vile mshindi wa mbio anavyoitwa wa kwanza bila mtu yeyote kulalamika kwamba moja ni ndogo kuliko kumi. Taabu ilianza pale majedwali yalipoondolewa na jina la mstari likageuzwa kuwa namba ya kutoa na kujumlisha.

THAC0, kifupi cha Kiingereza "To Hit Armor Class 0" (kumpiga mwenye daraja la 0), ambayo wachezaji wengi huitamka "thako", ndiyo iliyochukua nafasi ya jedwali. Ni alama ambayo mhusika anahitaji kuipata kwenye dadu ili ampige adui mwenye daraja la 0. Kwa adui mwingine yeyote, chukua THAC0 yako, utoe daraja lake. Mpiganaji wa kiwango cha 7 ana THAC0 ya 14. Akimkabili adui wa daraja la 3 anahitaji 11 au zaidi, yaani ana nafasi ya asilimia 50. Adui akiwa na daraja la hasi 2, kutoa hasi ni kujumlisha, kwa hiyo anahitaji 16, na nafasi yake inabaki asilimia 25. Dadu ikionyesha 20 pigo limempata adui, na ikionyesha 1 limekosa, hesabu iseme lolote. Kwa msingi huohuo, THAC0 nayo huwa bora inaposhuka, na ndiyo maana ukimpa mhusika wako upanga wa +1 utaona kwenye skrini imepungua kwa moja.

Iwapo kichwa chako kimeshazoea mtindo mpya, ambamo namba kubwa ndiyo bora, geuza namba zote mbili kwa kuzitoa kwenye 20. THAC0 ya 14 inakuwa nyongeza ya 6, na daraja la 3 linakuwa 17. Ukirusha dadu ukajumlisha 6, unahitaji kufikia 17, yaani dadu ionyeshe 11. Jibu ni lilelile. Toleo la tatu la mwaka 2000 lilifanya mageuzi ya namna hiyo, na kwa maoni yangu lilichelewa, kwa sababu hakuna kilichopotea isipokuwa maumivu ya kichwa.

SWALI: Adui akimpata mpiganaji wangu, pointi za uhai zinazopotea ni zilezile, awe amevaa chuma au nguo tupu. Deraya ina faida gani basi?

JIBU: Katika kanuni hizi deraya haipunguzi ukali wa pigo, inapunguza idadi ya mapigo yanayofika. Neno "kukosa" lisikupotoshe ukadhani kwamba upanga umepita hewani, kwa maana pigo lililogota kwenye chuma na kuteleza bila kumdhuru aliyevaa nalo huhesabiwa kuwa limekosa.

Mchukue adui mwenye THAC0 ya 17. Mpiganaji wako akiwa na daraja la 10, adui anahitaji 7, na katika mapigo 20 atampata kwa wastani mara 14. Akiwa na daraja la 4 atapatwa mara 8. Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni: kutoka daraja la 4 hadi la 3, mapigo 8 yanakuwa 7, yaani umeepuka moja katika kila manane, lakini kutoka 0 hadi hasi 1, mapigo 4 yanakuwa 3, nawe umeepuka robo nzima. Ngazi ileile moja ina thamani kubwa zaidi kwa aliyekwisha kujikinga vizuri, na ndiyo sababu ni busara kumrundikia kinga yule mmoja anayesimama mbele kuliko kuigawa sawasawa kwa kundi zima. Faida hiyo ina kikomo. Kwa adui huyu, ukifika hasi 3 anakupata kwa 20 pekee, na kushuka zaidi ya hapo hakukuongezei kitu mbele yake, ingawa kutakufaa ukikutana na mwenye THAC0 bora zaidi.

Kabla hujanunua deraya, soma pia maelezo yake kuhusu aina za silaha. Ile ya minyororo huzuia silaha za kukata vizuri zaidi kuliko za kuponda, kwa hiyo mbele ya adui mwenye rungu, namba uliyoiona kwenye skrini inakusifia kuliko unavyostahili.