Umeacha mazoezi, kitambi kimetoka: tatizo liko kwenye sahani

Mkuu, umesema tangu uhamishiwe kituo kipya cha kazi hujagusa vyuma, suruali hazifungi, na jamaa mmoja kakuambia misuli yako imegeuka mafuta. Hakuna kitu kama hicho. Misuli isiyotumika inasinyaa, mafuta yanaongezeka kivyake. Ukijitazama kwenye kioo unaona kama kimoja kimezaa kingine.

Mimi nilikuwa mtu wa mchakamchaka na kikundi cha mtaani kwetu Temeke. Nikateguka kifundo cha mguu kwenye bonanza, nikakaa nje miezi kadhaa. Wenzangu wakitoka mbio Jumapili wanapitia kwa mama ntilie kupiga supu na chapati, na mimi wananipitia nyumbani, nachechemea hadi mezani. Mbio zilikata, chapati hazikukata. Njaa yenyewe ilikuwa bado ya mtu anayekimbia.

Piga hesabu. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 10 anachoma kama kalori 800. Chapati moja ya mafuta inaweza kufika 250 au zaidi. Kilo moja ya mafuta mwilini ni takriban kalori 7,700, kwa hiyo ukizidisha chapati moja tu kila siku, mwezi ukiisha umebeba karibu kilo nzima, na wala hujajiona mlafi.

Ndiyo maana nasema anza na sahani kabla hata hujatafuta jimu. Mimi niliondoa soda na kupunguza wali, lakini maharage, dagaa na mayai sikugusa, maana misuli inahitaji protini. Chai za kupunguza tumbo achana nazo. Zile za kukukimbiza chooni zinatoa maji na choo, mafuta yanabaki palepale.

Ukirudi kwenye vyuma, weka nusu ya uzito uliozoea. Misuli iliyowahi kujengwa hurudi haraka kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza, ila kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mfupa, zinachelewa, na hapo ndipo watu wanaumia kwa sifa. Halafu usishtuke mizani ikipanda wiki za mwanzo: misuli inayofanya kazi huhifadhi glaikojeni, yaani sukari ya akiba, na kila gramu yake inakaa na kama gramu 3 za maji. Mimi niliweka mizani pembeni, nikachukua futi kamba ya fundi cherehani, napima usawa wa kitovu asubuhi kabla ya chai. Mizani ilikuwa imegoma, kamba ikawa inashuka.

Kama unanenepa huku chakula hakijaongezeka, uchovu hauishi na baridi inakusumbua kuliko wenzako, nenda hospitali wakupime thairoidi, ile tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili kutumia nishati.

Hapo kituoni kama hakuna jimu, pushapu na kuchuchumaa vinatosha kuanzia. Tuwekee hapa kiuno chako na unachokula mchana, tuone pa kukata.