Lisbon kwa miguu, mkiwa wawili

Ugomvi wetu wa kwanza Lisbon ulianza saa nne na nusu asubuhi, kwenye ngazi za mtaa wa Alfama, na chanzo chake kilikuwa viatu vyangu. Nilivaa viatu vya ngozi visivyo na kisigino, vya soli nyororo, nikijiambia siku ya matembezi haitaki kisigino. Sikujua kuwa njia za miguu za mji ule zimetandikwa vijiwe vidogo vidogo, vyeupe vya chokaa na vyeusi vya basalti, vilivyopangwa kwa mkono kimoja kimoja. Wenyewe wanaiita calçada. Vimekanyagwa hadi vinang'aa, na rasharasha ikipita juu yake, unatembea kama mtu aliyemwagiwa sabuni sakafuni.

Mimi nimeshikilia ukuta, mume wangu yuko ngazi ishirini mbele, macho kwenye simu.

"Mama Aisha, bado kumi na moja."

"Kumi na moja nini?"

"Mahali pa kwenda."

Nikakaa kitako pale pale kwenye ngazi. Mwenzangu alikuwa ametengeneza orodha ya mahali 14, zote za siku moja, na mpangilio wake ulitupandisha kilima, ukatushusha, ukatupandisha tena. Kwenye ramani ya simu mji ni bapa. Hakuna programu iliyomwonyesha kwamba mstari ule wa mita mia tatu ni ngazi tupu.

Kwa hiyo kama nanyi mna siku moja tu Lisbon, nisikilizeni mimi niliyekaa kwenye ngazi: kilima kipandeni kwa mashine, mkishuke kwa miguu. Sisi tuliishi kinyume, tukaanzia Baixa, ule mtaa wa tambarare karibu na mto, tukapanda.

Na mashine zenyewe nyingine hazilipiwi hata senti. Kwenye barabara ya Rua dos Fanqueiros, pale pale Baixa, kuna lifti ndani ya jengo la kawaida kabisa. Unaweza kulipita mara kumi usijue. Inakutoa Rua da Madalena. Ukivuka na kutembea hatua chache hadi Largo Chão do Loureiro, kuna lifti ya pili ndani ya jengo la maegesho ya magari, nayo inakupandisha hadi chini kidogo ya ngome ya São Jorge. Upande wa pili wa Baixa, kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme ndefu: mnaingilia mlango wa chini, mnatokea Chiado, mtaa ulio juu, bila kupanda treni. Tulikuja kuyajua haya jioni, kutoka kwa mama mmoja wa Msumbiji tuliyekaa naye benchi moja. Alitucheka sana.

Tramu namba 28 kila mtu ataitaja. Ni nzuri, ya mbao, inapenya vichochoro ambavyo hata mkokoteni ungesita. Lakini foleni yake kwenye kituo cha kuanzia, Martim Moniz, inakula saa nzima ya siku yenu, ndani mnabanwa kama matatu ya jioni, na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii. Kama hamkuamka alfajiri, iacheni ipite, mpige picha.

Basi mkishafika juu, shukeni taratibu kupitia Portas do Sol na Santa Luzia, ambako mto Tejo unaonekana wote, mpana kama mlango wa bahari. Chini yenu ndiyo Alfama. Jina hilo ni la Waarabu waliotawala hapo kabla ya mwaka 1147, al-hamma, ndugu wa hamamu letu. Mtu wa Unguja atakumbuka Hamamni. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliibomoa Baixa, ndiyo maana mitaa yake leo imenyooka kama mistari ya daftari, lakini Alfama ilibaki na vichochoro vyake. Kwangu mimi ilikuwa Mji wa Kale wa Mombasa uliowekwa kilimani: nguo zimeanikwa madirishani, bibi kizee amekaa mlangoni anatazama kila apitaye, samaki wanachomwa mahali usipopaona. Hapo simu haisaidii. Potezeni njia, mradi mnateremka mtafika mtoni tu.

Sasa turudi kwenye ngazi, maana ushauri wangu mkubwa ulizaliwa pale. Tuliketi, tukanyamaziana dakika kumi, halafu tukakubaliana: kila mtu achague mahali pawili, na hapo pawili mwenzake haruhusiwi kulalamika wala kutazama saa. Yanayobaki yakipatikana sawa, yasipopatikana basi. Orodha ya 14 ikawa nne.

Mimi nikachagua kahawa ya saa nzima, na Rua do Arsenal. Kahawa yao wanaiita bica, kikombe kidogo, nyeusi, chungu, yaani kahawa ya mzee wa mabuli isipokuwa haina tangawizi, na pembeni kile kitumbua chao cha maziwa na mayai, pastel de nata, kinachonyunyiziwa mdalasini. Ukiinywa umesimama kaunta mara nyingi bei huwa nafuu kuliko ukikaa nje uwanjani. Rua do Arsenal kuna maduka ya bacalhau, samaki wa chumvi aliyekaushwa, mapande makubwa kama mbao. Niliisikia harufu kabla ya kuliona duka. Ng'onda! Mume wangu akaziba pua, lakini mkataba ni mkataba.

Chakula cha mchana kilitufunza kwa pesa. Tumeketi tu, mhudumu akaleta mkate, zeituni na jibini, hatujaagiza kitu. Sisi na malezi yetu tukaona hawa watu ni wakarimu, tukavimaliza. Vikaja kwenye bili, kila kimoja na bei yake. Ndiyo desturi ya hoteli nyingi za huko, inaitwa couvert: mkila mnalipa, msipovigusa hamlipi. Semeni "não, obrigado" mapema. Na mwanamke husema "obrigada". Nilirekebishwa mara mbili nikaacha kukosea.

Lugha ndiyo iliyotupatanisha kabisa, nadhani. Mhudumu anataja "mesa", anataja "copo", anauliza kama tunataka "limão", na sisi tunatazamana: meza, kopo, limau. Karne mbili walizokaa pwani kwetu maneno yao yalibaki. Lakini kila kona kuna kibao cha "Igreja", yaani kanisa, na neno hilo ndilo lililotupa gereza. "Mji huu una magereza mangapi?" akaniuliza, tukacheka njia nzima.

Chaguo lake la kwanza lilikuwa Belém, mtaa wa kando ya mto, akataka twende kwa miguu. Ni kilomita sita hivi kufuata mto, na kwa viatu vile nilikataa. Treni inatoka Cais do Sodré na tramu ya 15 inapita pia. Msiende Jumatatu, maana makao ya watawa ya Jerónimos na mnara wa Belém hufungwa siku hiyo. Kuingia kanisani Jerónimos ni bure, tiketi ni ya ua wa ndani. Ukishapita mlango mkubwa, kushoto kwako kuna kaburi la Vasco da Gama, sanamu yake imelala chali, mikono imekutanishwa kama anayeomba.

Mume wangu ni mtu wa Mombasa. Mwaka 1498 yule bwana alipita kwetu wakaaminiana vibaya, akaenda Malindi ambako alipokelewa na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Jengo lile la mawe yaliyochongwa kama lesi, lililoanzwa 1501, lilijengwa kwa ushuru wa biashara iliyofuata. Alisimama pale muda mrefu. Mwishowe akasema, "Amelala vizuri," akatoka nje. Chaguo lake la pili lilikuwa ile ramani kubwa ya dunia ya marumaru iliyo sakafuni mbele ya mnara wa mabaharia, kando ya mto. Akanisimamisha pwani yetu, akapiga picha ya miguu yangu.

Jioni tuliishia Cais das Colunas, ngazi za mawe zinazoingia ndani ya mto mbele ya uwanja wa Praça do Comércio. Nikavua viatu. Kisigino kilikuwa kimechubuka hasa. Simu yake ilizimika chaji tangu Belém, hivyo hakuwa na cha kutazama. Akauchukua mguu wangu, akauweka juu ya goti lake, akatoa leso mfukoni, akaichovya majini.

"Maji ya baridi haya," akasema.

"Nimeshasikia."