Skauti ya wadogo na wazazi wake: yaliyonipata mie Wete

Assalaam alaykum. Dada uliyeuliza, nimekufahamu: unasomesha skuli ya msingi Chake Chake, hapa hapa Pemba, mwalimu mkuu amekuruhusu kuanzisha skauti ya watoto wa miaka saba hadi kumi, umepeleka barua kwa wazazi mara mbili na waliotokea ni watano. Unataka kujua ufanye nini familia zikubali. Mie huku Wete nilianza hivyo hivyo, kwa hiyo nakueleza yaliyonipata.

Kwanza siku. Kikao changu cha mwanzo nilikiita Jumamosi saa nne asubuhi, mwezi umeandama juzi tu. Bamvu hilo, maji makubwa ya mwezi mpya! Maji yametoka, kina mama wote wako pwani kwenye mwani, na mie nimekaa na viti vyangu nikiona watu hawajali watoto wao. Siku hizi sitii tarehe kwenye barua mpaka nihesabu mwezi. Maji yakiwa mafu, hayatoki sana, siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama, utawapata. Msimu wa karafuu usijisumbue, mtaa mzima uko shamba au unachambua.

Siku ya watoto wenyewe tuliiweka Alkhamisi baada ya alasiri, maana chuo cha Qur'ani cha mtaani kwetu kinafunga Alkhamisi na Ijumaa. Na hili nakuomba sana: nenda kwa maalim kabla hujaenda kwa mzazi yeyote. Mie nilikwenda nimechelewa, maneno yalishamfikia. Akaniuliza, "Mnawaapisha kwa nani?" Nikamweleza kwamba ni ahadi anayoitoa mtoto, na jambo la kwanza ndani yake ni wajibu kwa Mungu, kila mtu kwa dini yake. Vile vidole vitatu anavyoinua skauti akiahidi ndiyo sehemu tatu za ahadi: Mungu na nchi, kusaidia watu, kushika kanuni za skauti. Akanitaka niisome yote. Nikaisoma. Akanitaka niirudie polepole. Kisha akasema mwanawe wa mwisho ana miaka minane.

Kuna jambo sikulifikiria kabisa, nalo ni mkono wa kushoto. Skauti ulimwenguni kote husalimiana kwa kushoto, nami niliwafundisha watoto wiki ya pili, wakafurahi. Jioni ile mtoto mmoja kafika nyumbani, kamkuta bibi yake kibarazani, kampa kushoto. Bibi akaurudisha mkono wake ndani ya kanga. "Mie unanipa mkono huo?" Asubuhi mama yake alikuwa mlangoni kwangu, na alikuwa na haki. Nilikwenda mwenyewe kwa yule bibi, nikamwamkia, nikambusu mkono, nikamhadithia inavyosimuliwa: shujaa hushika ngao kwa mkono wa kushoto, akikupa mkono ule ina maana ameiweka ngao chini, amekuamini. Akasikiliza. Tukakubaliana kwamba kushoto ni kwa skauti na skauti mwenzake, ndani ya gwaride tu. Kwa mkubwa ni kulia, na shikamoo. Mpaka leo hilo ndilo somo letu la siku ya kwanza, na wazazi wanalisikia kwa masikio yao.

Yupo baba aliyesema haya ni mambo ya wazungu. Sikubishana naye. Nilimwambia ukweli: Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alianza mwaka 1907 huko Uingereza, kwenye kisiwa cha Brownsea, na wavulana wapatao 20, watoto wa matajiri na wa wafanyakazi wamechanganywa pamoja. Skauti ya wadogo ikafuata mwaka 1916, kwa sababu wadogo zao nao walitaka kuingia. Na yeye mwenyewe alifariki mwaka 1941, kaburi lake liko Nyeri, Kenya. Yule baba alilipenda lile la watoto kuchanganywa.

Lakini kilichowaleta watu ni kamba. Baada ya vikao vya maneno kushindwa, niliita wazazi waje wakae chini na watoto, kila familia kipande cha kamba cha meta mbili. Nikaonyesha fundo la kuunga kamba mbili: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukikosea zamu ya pili linateleza. Mvuvi mmoja, baba wa mtoto wa kike, alinitazama, akachukua kamba, akafunga kitanzi kisichokaza hata ukining'inia, kwa mkono mmoja, macho yanamtazama binti yake. Yule mtoto hakuwahi kumwona baba yake akifundisha kitu mbele za watu. Kina mama nao wakacheka, wakasema sisi tunafunga taitai, vile vikamba vya mwani, siku nzima, tupeni. Saa moja nzima sikuwa mwalimu. Alkhamisi iliyofuata mvuvi alirudi bila kuitwa, na ndiye anayefundisha mafundo mpaka sasa.

Usalama usiuseme kwa juu juu. Mwaka wa kwanza tulikwenda kutembea, tukachelewa, adhana ya magharibi ikatukuta njiani. Kina mama walitoka na tochi. Nilipoteza watoto sita kwa siku moja, na kuwarudisha kulinichukua miezi. Sasa watoto wanafika majumbani kabla ya magharibi, majina yanasomwa wakati wa kutoka na wa kurudi, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, hata mie. Wazazi wa wasichana waambie hili la mwisho waziwazi, usingoje waulize. Awepo na mwalimu wa kike kila mara.

Sare isiwe kizuizi. Miezi mitatu ya mwanzo sisi ni skafu tu, fundi wa mtaani anakata kitambaa kimoja zinatoka kadhaa. Wasichana wanavaa suruali ndefu na mtandio wao, skafu inakaa juu yake vizuri.

Kamba za mafundo ninazo kumi na tano za ziada. Niandikie siku uliyoipanga, nitakuletea Chake mwenyewe, na yule mvuvi ameshasema atakuja.